Vibati vya Shaba

Kila usiku wa tisa mashine ya Olomouc inazimia.
Haipigi kelele. Inajaa tu,
kama mlaji asiyejua kusema imetosha,
na picha za eksirei za hospitali mbili
zinakwama mdomoni mwa handaki
lisilo na jiwe wala udongo,
handaki tulilochimba kwa maneno matupu
ndani ya waya wa watu wengine.

"Tuongeze kumbukumbu," anasema Radovan. "Siku hizi ni rahisi."
Mlevi naye huongezewa gilasi.

Saa nane. Brno imelala chini ya theluji chafu,
tramu ya mwisho imeshakwaruza kona yake.
Nasoma kiendeshi nilichokiandika mwenyewe
miaka mitatu nyuma, nikiwa na haraka na mafua.

Pakiti inaingia: naiazimia bafa, nainakili.
Naifumba kwa siri: nainakili.
Naivika bahasha ya nje: nainakili tena.
Mara tatu namhamisha abiria
ambaye hajanyanyuka kitini.

Mama angenicheka.
Drahomíra, miaka thelathini na mmoja
kwenye chumba cha makoti cha ukumbi wa tamthilia,
hakubeba koti moja mara mbili.
Koti lilikaa pale lilipotundikwa;
kilichotembea ni kibati cha shaba chenye namba,
mkono hadi mkono, mfuko hadi mfuko,
kikarudi kwake na joto la kiganja cha mgeni.
Ndoano mia mbili na arobaini. Zikijaa, zimejaa:
"Samahani bwana, leo utalipakata."

Basi nafuta. Nafuta kwa raha ya mtu anayeng'oa magugu.
Bafa nazikata zote alfajiri, mashine inapoamka,
nazipanga duara, ya mwisho ikiigusa ya kwanza,
na kila moja naiachia upindo mbele,
kama fundi anavyoacha kitambaa cha kutanulia,
ili bahasha iandikwe papo hapo,
fumbo lifumbwe papo hapo,
na pakiti isiguswe bega.
Kinachotembea ni namba.

Hiyo ilikuwa kasi. Haikuwa ugonjwa.

Ugonjwa niliukuta karibu na mapambazuko,
mstari wa mia sita na kitu, mfupi, mpole:
*foleni ikijaa, kataa.*
Nikakataa, ndiyo. Nikaondoka zangu.
Nilimfukuza mgeni mlangoni
nikabaki na koti lake.

Mara moja kwa dakika, pengine mara mbili,
bafa moja isiyo na mwenyewe,
haba na haba, mpaka siku ya tisa.
Kukopa harusi, kulipa matanga,
na mimi nilikuwa bibi harusi kila sekunde.

Dawa yake neno moja: *rudisha.*
Nililiandika kabla ya amri ya kuondoka,
nikakaa nikilitazama, nikaona aibu
kwamba lilikuwa dogo hivyo.

Usiku wa tisa ukaja. Wa kumi.
Wa kumi na moja Radovan alileta keki ya mbegu za mpopi
na hakusema neno kuhusu kumbukumbu.
Kwenye kioo changu safu mbili za namba:
zilizoazimwa, zilizorudishwa.
Tofauti: sifuri.

Jumapili nilimpelekea mama kipande cha keki.
Nyuma ya mlango wake bado limetundikwa
lile koti la kijivu la mwanamume, namba 217,
lililosahauliwa baada ya onyesho fulani
kabla sijaanza shule.
Alipostaafu alitoka nalo. Hulipiga brashi kila vuli,
hubadilisha karafuu za mifukoni kuzuia nondo.

Nilimwambia: mama, miaka yote hii,
ndoano imeshikwa bure.

Akakata keki vipande vitatu,
kimoja akakifunika na sahani.
"Kibati chake," akasema, "anacho yeye."